Uje na Mchoro, Uje na Mkono

"Njoo na mchoro wako," fundi mmoja mzee aliniambia kwenye simu. "Na uje na mkono wako pia."

Sikuelewa nusu ya pili ya maneno yale mpaka nilipofika kwenye chumba cha pampu. Mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, grisi imempanda hadi viwikoni, na mbele yake pampu niliyoichora mimi. Ilikuwa pampu yangu ya kwanza kutoka kwenye kioo cha kompyuta na kuwa chuma. Planja tatu, yaani nondo nene zinazosukuma maji, zikienda na kurudi kwa zamu, krenki moja ya kuziendesha, bonge la chuma lenye vali sita. Nilipoiona inafanya kazi siku ya majaribio nilipiga picha nyingi kuliko nilizowahi kumpiga mtu yeyote.

Sasa ilikuwa inavuja kwenye pakingi, zile ringi za mpira zinazozuia maji yasipite kando ya planja. Hilo halikunitia wasiwasi, kwa sababu pakingi kazi yake ni kuchakaa. Mzee akanikabidhi spana.

"Haya, kijana. Badilisha pakingi."

Nililegeza klampu inayounganisha planja na fimbo inayoisukuma, nikazungusha krenki kwa mkono mpaka fimbo ikarudi nyuma kabisa, nikafungua nati ya pakingi, nikaanza kuivuta planja. Ikatoka vizuri, laini, ikitoa sauti ya kunyonya. Halafu ikagonga. Nyuma yake fimbo, mbele yake ncha bado imeshikwa na ringi za pakingi. Nikajaribu kuiinua. Haikuinuka. Nikajaribu kuipitisha pembeni. Haikuwa na pembeni.

Planja ilikuwa na urefu wa milimita 280. Nafasi niliyoiacha, fimbo ikiwa imerudi mpaka mwisho, ilikuwa milimita 250. Milimita 30 zilipungua, hata vidole viwili havifiki. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kufungua bomba la kuingiza maji na la kutolea, kulegeza nati 8 kubwa zinazoshika upande wa maji, kuling'iniza bonge lote kwenye winchi na kulivuta mbele. Yote hayo kwa ajili ya ringi za mpira zinazoenea mfukoni.

"Kompyuta ilisema zinaingia," nikajitetea.

"Ziliingia," Mzee akakubali. "Waliofunga walianza na planja kabla hawajapandisha bonge. Mimi nimeikuta imeshafungwa."

Nimechora pampu nyingi tangu siku hiyo, na sidhani nimewahi kupewa somo jingine la uchoraji linalofikia sentensi hizo tatu. Mchoro unaonyesha mashine ikiwa imetulia, kila kitu mahali pake. Hauonyeshi safari ya kitu kutoka pale kilipo mpaka mezani, wala hauonyeshi mkono unaokifuata. Na mashine ya aina hii, tofauti na nyingine nyingi, inafunguliwa tena na tena maisha yake yote.

Ngoja nieleze kwa nini. Pampu ya kwenda na kurudi haina upole wa ile ya kuzunguka. Tuseme krenki inazunguka mara 300 kwa dakika. Kila vali inafunguka na kujibamiza kwenye kiti chake, pete ya chuma ambayo vali inaikalia, mara 18,000 kwa saa, yaani mara 432,000 kwa siku. Kama mwendo wa planja ni milimita 100, basi kila mzunguko inateleza milimita 200, kwenda na kurudi. Kwa siku nzima imesafiri zaidi ya kilomita 86 ndani ya ringi za mpira, huku shinikizo likitafuta upenyo. Hakuna raba ya kiatu inayodumu hivyo. Ukiongeza mchanga kidogo ndani ya maji, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo kuna foleni ya kuchakaa. Pakingi zinatangulia. Zinafuata vali na viti vyake na springi. Kisha planja yenyewe inaanza kuwa na michirizi. Nyuma kabisa, miaka mingi baadaye kama oili imetunzwa, ndipo zinakuja beringi, kroshedi (kitelezi kinachounganisha krenki na fimbo ya planja) na krenki. Foleni hii inajulikana kabla hujachora mstari wa kwanza. Nilichokifanya mimi ni kuipuuza: kifuniko cha chumba cha krenki kilifunguka kwa bolti nne, kwa raha zako, ilhali pakingi zilihitaji winchi. Niliweka mlango mpana kwenye chumba kisichoingiwa na mtu, na tundu la paka kwenye chumba kinachoingiwa kila wiki.

Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachokiandika kwenye karatasi, kabla ya vipimo, ni hiyo foleni. Kinachochakaa kwanza ndicho kinachotoka kwanza, na kitoke bila kugusa kisichochakaa. Ni rahisi kusema, ila kila mlango unaoufungua kwenye chuma una gharama yake. Hapo ndipo kazi ilipo.

Chukua vali. Kila planja ina vali mbili, ya kufyonza na ya kusukuma. Mpangilio wa zamani unaziweka kwenye mhimili mmoja, ya kufyonza chini, ya kusukuma juu yake. Ni mpangilio mzuri kwa mtu wa karakana ya kutoboa, kwa sababu anatoboa tundu moja lililonyooka. Ni mzuri pia kwa maji, maana chumba kinabaki kidogo. Lakini fundi anayetaka kiti cha vali ya chini, na hakuna tundu jingine la kupitia, anaondoa kifuniko, springi, vali ya juu, kisha analazimika kung'oa kiti cha juu ambacho hakina kosa lolote.

Na kiti cha vali hakitoki kwa kuombwa. Kwenye pampu nyingi kimekerezwa kwa umbo la pia lililokatwa ncha, kinakaa kwenye tundu lenye mteremko huohuo, kavu, chuma kwa chuma. Kila pigo la shinikizo linakigandamiza zaidi. Baada ya mwezi mmoja kimekuwa kama kimeota pale. Unahitaji kifaa cha kukivuta chenye makucha yanayopita katikati ya kiti na kukamata chini yake, mara nyingi kikiwa na jeki ya haidroli. Sasa hapa mchoraji ana maswali mawili ambayo hayatamgharimu kitu akiyajibu mapema, na yatamgharimu sana fundi asipoyajibu. Je, chini ya kiti kuna nafasi ya makucha kujikunjua? Je, juu, kwenye mdomo wa tundu, kuna uso bapa wa kukanyagia miguu ya kifaa? Nimeona pampu nzuri sana ambayo mchoraji wake alisahau la kwanza. Mafundi walikuwa wanaking'oa kila kiti kwa kukichomelea kipande cha nondo na kukipiga kwa nyundo. Kila mara walipofanya hivyo walikwaruza tundu la bonge, na bonge ndilo ghali.

Jibu linalokuja haraka ni kuzitenganisha: vali ya kufyonza iwe na kifuniko chake, ya kusukuma na chake, kila moja itoke bila kumsumbua mwenzake. Wako wanaozipanga kwa umbo la herufi L, wako wanaoweka tundu la mbele mkabala na planja. Mimi napenda mpangilio huo na nimeutumia. Lakini usiwaamini wanaosema ni wa bure. Matundu mawili yanapokutana ndani ya chuma, ile kona ya makutano ndiyo inayobeba mzigo mkubwa zaidi. Shinikizo linapanda na kushuka pale mara 432,000 kwa siku, na chuma kinachoka kama kinavyochoka kipande cha waya ukikikunja na kukikunjua. Nyufa za bonge zinapenda kuanzia hapo. Ukiongeza mlango, umeongeza kona. Ukiongeza kona, itabidi uizungushie mviringo mpana, uisugue iwe laini, na pengine upunguze shinikizo.

Tena umeongeza nafasi iliyokufa, yaani ujazo ambao planja haiufikii. Watu husema maji hayashinikiziki. Yanashinikizika. Kwa shinikizo la bar 200 yanapungua ujazo kwa takribani asilimia 0.9. Inaonekana kama si kitu, lakini kama chumba kina nafasi iliyokufa mara tatu ya ujazo unaosukumwa, basi kila pigo linapoteza takribani asilimia 3 kwa kubana na kuachia yale maji yaliyobaki ndani. Na hewa ikiingia kidogo, pampu inaweza kubana na kuachia siku nzima bila kutoa chochote. Kwa hiyo huwa nauliza kwanza: viti vinabadilishwa mara ngapi, maji ni masafi au yana mchanga, shinikizo ni la kiasi gani? Kwa maji masafi yenye shinikizo kubwa, nimewahi kuacha vali juu ya vali kwa makusudi, nikafanya ya juu iwe pana kuliko ya chini ili vali ya chini pamoja na kiti chake vipite katikati ya kiti cha juu. Ilibidi nipigane kwa ajili hiyo, kwa sababu vali mbili za ukubwa tofauti maana yake ni akiba mbili stoo. Anayenunua vipuri alikuwa na hoja. Fundi naye alikuwa na hoja. Nilimwegemea fundi, na hadi leo sina hakika kama nilifanya sawa.

Turudi kwenye pakingi, maana hapo ndipo nilipoumbuka.

Pampu ile ilitengenezwa upya kwa kurefusha kile chumba cha wazi katikati, kati ya upande wa nguvu na upande wa maji. Hesabu yake ni ya darasa la nne: nafasi kati ya uso wa nati ya pakingi na ncha ya fimbo, fimbo ikiwa nyuma kabisa, izidi urefu wa planja. Nami naongeza milimita 20 za vidole, kwa sababu planja yenye mafuta inahitaji kushikwa. Pia juu ya chumba hicho pawe wazi, si kidirisha. Planja ikishatoka kwenye pakingi, mtu anataka kuiinua, si kuichezea kama samaki kwenye mtungi.

Klampu ya vipande viwili kati ya planja na fimbo ndiyo iliyorahisisha mambo zaidi ya kitu kingine chochote. Planja ikiwa imefungwa kwa uzi wa skrubu moja kwa moja kwenye fimbo ya kroshedi, kuitoa kunahitaji uizungushe, na ukiizungusha unahitaji mahali pa kushikia, na ukishikia kwa spana ya bomba umeshaikwaruza. Mkwaruzo mmoja kwenye planja ni msumeno kwa pakingi mpya. Klampu unailegeza bolti mbili, unaiondoa nusu moja, basi. Iwe na faida nyingine: ncha mbili zinazokutana ziwe na mgusano wa mviringo kidogo, ili planja ijipange yenyewe hata kama kroshedi imechakaa nywele moja upande mmoja.

Halafu kuna suala la nani anakaza pakingi. Katika aina ya zamani, nati inakandamiza ringi, na ringi zikivuja unaikaza zaidi. Mtu yeyote akiona tone, atakaza. Ni silika. Akikaza sana, ringi zinabana planja, joto linapanda, mpira unaungua, planja inapata michirizi, inavuja zaidi, anakaza zaidi. Nimesikia wachoraji wakilaumu mafundi kwa hilo ofisini kwenye kiyoyozi. Mimi nasema ukimpa mtu nati isiyo na mwisho, usimlaumu kwa kuutafuta. Siku hizi naweka springi ndani ya kikasha. Springi ndiyo inayobana ringi, kwa nguvu niliyoichagua mimi. Nati inakazwa mpaka igonge bega la chuma na kusimama. Huna cha kukisia.

Ringi zenyewe zina umbo la herufi V, midomo ikielekea kwenye shinikizo. Ukiigeuza moja, inavuja tangu dakika ya kwanza. Fundi anazipanga akiwa amepiga magoti, tochi mdomoni, kwenye tundu asiloliona. Je, nani hatakosea? Nimejaribu mambo mawili. La kwanza ni kufanya kikasha chote kiwe kitu kinachotoka: bolti nne, unakivuta chote na pakingi zake, unakibeba hadi kwenye meza, unapanga ringi kwenye mwanga huku umekaa. Ukiwa na kikasha cha akiba kilichopangwa tayari, pampu inasimama kwa muda wa kubadilisha kikasha tu. La pili ni kufanya ringi ya mwanzo na ya mwisho ziwe na nyuso zinazooana na V kwa upande mmoja tu. Ukiigeuza ringi yoyote, rundo linakuwa refu na nati haifiki begani. Wajapani wana neno lao la ujanja wa aina hii, poka-yoke, lililoenezwa na mhandisi wa viwanda Shigeo Shingo. Maana yake kwangu ni kwamba kosa lijionyeshe kwenye spana kabla halijajionyesha kwenye maji.

Na tafadhali, kila mahali ambapo o-ringi, ile ringi nyembamba ya mpira ya kuzibia, inaingia, kata mshazari wa nyuzi 15 hadi 20 kwenye mdomo wa tundu, uwe mrefu kiasi cha kuiminya taratibu. Ukiacha kona kali, o-ringi inanyolewa kipande chembamba kama ganda la kitunguu wakati wa kufunga, hakuna anayeona, na inavuja siku ya tatu. Ukipitisha o-ringi juu ya tundu la pembeni ndani ya silinda, hali ni hiyohiyo. Wachoraji huweka mshazari wa milimita 1 kwa nyuzi 45 kila mahali kwa mazoea. Huo ni wa kumzuia mtu asijikate kidole. Hausaidii o-ringi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa haya ninayoyasema hauko kwenye viwanda vikubwa. Uko kwenye pampu za mkono za visima, ambazo nazo ni pampu za kwenda na kurudi, ila krenki yake ni bega la mtu.

India Mark II ilibuniwa India miaka ya 1970 na ikasambaa dunia nzima. Ni imara kweli. Silinda yake iko chini kisimani, ina kipenyo cha ndani cha milimita 63.5, na inaning'inia kwenye bomba la chuma la milimita 32. Umeona tatizo? Pistoni haiwezi kupita kwenye bomba. Kwa hiyo ukitaka kubadilisha sili ya pistoni, unang'oa bomba lote, kipande kwa kipande. Kama silinda iko mita 30 chini, hivyo ni vipande 10 vya mita 3, na kila kiungo kina uzi wa kulegezwa na kukazwa tena. Ni kazi ya kikundi chenye vifaa vizito, na kijiji kinasubiri kikundi hicho kifike.

Mark III ilibadilisha jambo moja kubwa: bomba likawa la milimita 65, pana kidogo kuliko silinda. Basi. Pistoni inavutwa juu kwa nondo zake kupitia ndani ya bomba, na vali ya chini nayo inatoka njia hiyohiyo, huku bomba likibaki ardhini. Foleni ya kuchakaa imepewa mlango wake. Mhandisi akiuona mchoro huo anatamani kupiga makofi.

Lakini lile bomba pana lina uzito karibu mara mbili kwa kila mita. Ni ghali zaidi, na siku likila kutu na lenyewe kutaka kung'olewa, kulinyanyua ni shughuli kubwa kuliko ile tuliyoikimbia. Kwenye visima virefu sana, Mark II iliendelea kutumika, na si kwa ujinga. Njia iliyokata fundo hilo ni ya Afridev, iliyokua kutokana na kazi iliyofanyika Malawi na Kenya miaka ya 1980: bomba la plastiki, ambalo halili kutu, silinda ya milimita 50 ambayo pistoni yake inapita ndani ya bomba, nondo zenye kulabu zinazounganika na kuachana bila spana, vali ya chini inayovuliwa kwa kifaa maalumu kinachoteremshwa kwa nondo zilezile, kama mtu anayevua samaki. Kizibo cha vali cha pistoni na cha vali ya chini ni cha aina moja, huhitaji kukumbuka kipi ni kipi. Karibu kazi zote za kawaida ni za spana moja. Waliobuni pampu ile walianza na swali la nani atakayeifungua, kisha wakarudi nyuma mpaka kwenye plastiki. Sijawahi kuona mchoro wa kiwandani ulioanza hivyo.

Wakati mwingine nikisema haya, mwenzangu aliyesoma ubunifu wa kuunganisha ananikumbusha Geoffrey Boothroyd na Peter Dewhurst, ambao mwaka 1991 walipewa nishani ya taifa ya teknolojia ya Marekani kwa kazi yao ya kupunguza idadi ya sehemu za mashine. Wana maswali matatu kwa kila sehemu. Je, inatembea ukilinganisha na nyingine? Je, lazima iwe ya malighafi tofauti? Je, isipokuwa peke yake, nyingine hazitaweza kufungwa au kufunguliwa? Ukijibu hapana mara tatu, iunganishe na jirani yake. Ni maswali makali na yameniondolea washa na vipachiko vingi vya kijinga.

Tatizo ni mtu anayesoma mawili ya kwanza na kulipita la tatu mbio. Nilishawahi kuunganisha kiti cha vali na kizimba kinachoiongoza vali kuwa kipande kimoja, nikajipongeza kwa kuokoa sehemu 6 kwenye pampu moja. Kufunga kulikuwa raha. Kisha uso wa kiti ukachakaa, kama ilivyotarajiwa, na kila mara kizimba kizima kilichokuwa kipya kabisa kikatupwa pamoja nao. Kwa anayefunga mara moja, sehemu chache ni faida. Kwa anayefungua mara 40, swali ni kama kinachotupwa ni kile kilichokufa peke yake.

Ndiyo maana naangalia sana uzi. Kifuniko cha vali kikiwa ni kizibo kimoja kikubwa cha uzi, unakifungua haraka kuliko bolti nane. Lakini uzi ule, ukikazwa na kulegezwa kila wiki, siku moja utaliwa, na kama umechongwa ndani ya bonge, bonge limekufa. Afadhali uzi uwe kwenye pete iliyofungwa juu ya bonge kwa bolti zinazokaa miaka. Pete ikiliwa, unaitupa pete. Na kama bonge ni la chuma kisichoshika kutu, usiweke bolti za aina hiyohiyo zikiwa kavu. Zitashikana na kuvunjika ndani, na kitakachofuata ni patasi na matusi.

Uzito nao hausemwi. Kifuniko cha chuma chenye kipenyo cha milimita 300 na unene wa milimita 40 kina uzito wa kilo 22. Kwenye kompyuta kinaonekana kama sahani. Hesabu ya kunyanyua ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inaanzia kilo 23 mtu akiwa amesimama vizuri na mzigo uko karibu na mwili. Mikono ikinyooshwa mpaka mzigo uwe sentimita 50 mbele yake, kipengele hicho peke yake kinaishusha hadi kilo 11.5. Fundi anayeegemea juu ya bonge kukitoa kifuniko kile amenyoosha mikono hivyo hasa. Kwa hiyo ama nakigawa, ama naweka tundu la uzi katikati la kufungia jicho la winchi. Tena kwenye ukingo naweka matundu mawili ya bolti za kusukumia, ili kifuniko kilichogandana kisukumwe kwa bolti badala ya kupachikwa bisibisi na kupigwa nyundo. Uso wa gasketi uliochimbwa kwa bisibisi hauzibi tena.

Spana pia inahitaji mahali pa kuzungukia. Kichwa cha bolti cha pembe sita kinahitaji nyuzi 60 kabla hujaihamisha spana. Spana ya wazi, ambayo kichwa chake kimepindishwa nyuzi 15, ukiigeuza upande wa pili inatosheka na nyuzi 30. Spana ya pete yenye kona 12 nayo ni 30. Chini ya hapo, hakuna ufundi utakaosaidia. Siku hizi nina spana za karatasi ngumu nilizozikata kwa vipimo halisi, na huwa ninazizungusha juu ya mchoro uliochapishwa kwa ukubwa wake kamili. Wenzangu wananicheka. Kompyuta inaweza kufanya hivyo, wanasema. Inaweza, kama ukiiomba.

Pampu ya pili ilipokuwa tayari sikusubiri simu. Nilikwenda mwenyewe, na nilimkuta Mzee ameshaanza. Alitoa vikasha vya pakingi vitatu, kimoja baada ya kingine, akavipanga mezani kama anayepanga vikombe. Winchi ilibaki imening'inia kwenye kona bila kazi. Hakusema kitu, na kwa kumjua kwangu ile ilikuwa sifa kubwa. Alifunga tena, akapangusa mikono, kisha akajilaza chali sakafuni akachungulia chini ya chumba cha krenki. Akakaa huko muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Kijana."

"Naam, Mzee."

"Hiki kizibo cha kumwagia oili. Umekiweka juu ya boriti ya fremu. Ulitaka oili ianguke wapi?"

Nikapiga magoti kando yake nikachungulia. Nikatoa kalamu.